Tai Aliyeshiba

Mwanangu Shabani, baba yangu,

Barua hii itasafiri nawe bila wewe kujua. Ninaiandika mchana huu, wakati umekwenda kuwaaga watu wa Kabondo nyumba kwa nyumba, na nimekwisha kuchagua mahali pa kuiweka: ndani ya begi la kamera, chini ya kitambaa unachofutia lenzi. Najua utakishika kitambaa hicho kabla hujagusa kitu kingine. Boti la Kinshasa linaondoka kesho asubuhi. Utakapoisoma mtakuwa mmeipita Yanonge, na mimi nitakuwa darasani.

Kama yupo abiria anayechungulia juu ya bega lako, usimfiche. Mweleze kwa nini msichana wa shule anamwita baba yake mwanangu. Mwambie kwamba mama yako mzazi alikuwa anaitwa Mwamini, kwamba alikufa mwaka ule niliozaliwa, kwamba ulinipa jina lake na tangu siku hiyo hukuniita binti. Uliniita mama. Nilipojua kusema ulinifundisha kukuita mwanangu, kama wafanyavyo watu wa kwetu wanaporudishiwa jina. Ukirudi na mkate ulikuwa unachuchumaa mlangoni mbele yangu, mtu mzima na kamera yako shingoni, unasema, "Mama, mwana wako amerudia. Iko na njaa." Na mimi, ambaye hata kisu sikuruhusiwa kushika, nilikukatia kipande kwa vidole, kisha nikakuangalia mpaka ukimalize.

Nilidhani ni mchezo. Nimekua, nikaona kwamba kwako haukuwa mchezo hata kidogo. Kwa hiyo leo naandika barua ambayo bibi angekuandikia, kama angekuwepo na kama angejua kalamu. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alitufundisha kwamba barua iandikwe kwa Kiswahili kilichonyooka, nami nitajitahidi, ila maneno ya watu nitayaacha kama yalivyotoka midomoni mwao.

Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa, wala usilale karibu na injini, wala usimpe mtu simu yako aishike. Mama ameyasema hayo tangu juzi na ameyafunga pamoja na dawa ya malaria kwenye mfuko wa bluu. Mimi nataka tuzungumze habari ya Madame, yule tai. Ulikuwepo, najua. Lakini jicho lako moja lilikuwa limefumba na la pili lilikuwa ndani ya kamera, na kuna mambo niliyaona ambayo hukuyaona.

Unakumbuka alivyokuja Faustin, yule mgeni niliyemwita Tonton kama mjomba wangu. Mlikuwa mmekaa mjini, pale mnapokaa wapiga picha kuwangoja watu ambao hawaji tena, maana siku hizi kila mtu ana picha zake mfukoni. Akasimama mbele yenu mtu mrefu, mkono wake wa kushoto umejaa makovu, akauliza, "Nani kati yenu anajua kupiga ndege ikiwa inaruka?"

Mmoja wenu akamjibu, "Kumupiga na jiwe, ao na foto?"

Mkacheka wote. Wewe ukasema, "Miye najua."

"Ulisha piga ndege gani?"

"Kuku. Ya ndoa. Ilikuwa nakimbia bibi harusi."

Ulitusimulia hayo jioni ile huku ukimwingiza uani kwetu na masanduku yake mawili ya mbao yenye matundu, kwa sababu hoteli zote zilikuwa zimemkataa na ndege wake. Mama alisimama na mwiko mkononi. Aliuangalia mwiko, akakuangalia wewe.

Tonton Faustin alikuwa ametoka upande wa Goma, anazunguka mji hadi mji akiwaonyesha watu ndege wawindaji wakiruka na kurudi mkononi mwake. Alitaka picha nzuri za kubandika ukutani katika miji ya mbele. Wa kwanza alikuwa Madame, tai wa samaki, kichwa cheupe kama kilemba cha Ijumaa, mabawa meusi, na jicho ambalo lilikuwa likikutazama kama umechelewa kumlipa heshima yake. Wa pili alikuwa Petit, mwewe wa kahawia asiye na sura yoyote ya maana, ambaye Tonton Faustin alimwokota angali kinda chini ya paa la soko. Jirani yetu Mama Odette alipomwona alipiga kelele juu ya ua.

"Ule wa mukubwa, sawa, mugeni! Lakini huyu? Huyu ni mwizi! Ndugu yake alisha niibia mbisi, samaki muzima, juu ya kichwa, ndani ya beseni, watu wote wanaona!"

"Si yeye, mama," alisema Tonton Faustin.

"Iko na sura ileile!"

Siku chache kabla ya onyesho mlikwenda kujaribu kwenye majani karibu na daraja la Tshopo, ukanichukua nikubebee begi. Nataka ujue kwamba siku ile naihesabu miongoni mwa siku zangu njema. Kulikuwa na mawingu, mto una rangi ya chai, maporomoko yananguruma ng'ambo. Tonton Faustin alimwacha Madame kwenye kigogo, akaenda mbali, akavaa glavu ya ngozi iliyofika kiwiko, akainua mkono na kipande cha nyama. Madame alikuja. Alikuja chini sana, karibu aguse majani, kisha mbele ya glavu akajitupa juu na kufungua mabawa yote, na nilisikia upepo wake usoni.

Ulipiga picha nyingi. Tukatazama pamoja kwenye kioo cha kamera: mkia. Mkia. Tawi la mti. Nusu ya Tonton Faustin. Mkia.

"Mama," ukaniambia, "miye niko namufuata. Hiyo ndio kosa. Ukimufuata, umechelewa."

Basi ukaacha kumfuata. Ukalenga glavu, mahali ambapo atafika, ukapanua miguu na kungoja. Ukanifundisha na mimi: kwamba kabla ya kutua ndege hufungua mabawa kujizuia, na hapo, kwa muda wa kufumba kope, anasimama hewani. Ukaniambia nisibane pumzi, kwa sababu anayebana pumzi hutetemeka. Mara ya mwisho, kabla mwanga haujaisha, ulimpata. Mabawa mawili yamefunguka, kucha mbele, na lile jicho, kali na safi, hata wewe mwenyewe ukiwa mdogo mweusi umesimama ndani yake. Ulicheka peke yako. Ulicheka kama mtu aliyekumbuka jina lake. Nilikuwa sijakusikia ukicheka hivyo tangu watu walipoacha kukuita kwenye harusi zao.

Petit naye aliruka siku ile, lakini hukumjali sana. Alipomaliza kula fungu lake lote mkononi mwa Tonton Faustin aliruka tena kwa hiari yake, akazunguka juu ya daraja, akawatisha wauza ndizi, kisha akarudi kwenye glavu isiyokuwa na kitu. Nikauliza kwa nini amerudi na ameshashiba.

"Huyu miye sijui," akasema Tonton Faustin. "Madame, namujua. Anarudia sababu ya njaa. Ndege ya kuwinda ukimushibisha hana tena kazi na weye, ndiyo maana kila asubuhi namupima kwa mizani. Lakini huyu! Iko na njaa, anarudia. Hana njaa, anarudia. Sijui anatafuta nini."

Akamkuna kifua kwa kidole, na Petit akafumba jicho moja.

Sasa nifike pale ambapo watu wa mtaa wananitania mpaka leo.

Asubuhi ya Jumapili, siku ya onyesho, mama alikuwa anasafisha samaki uani. Tonton Faustin alikuwa ameniambia waziwazi, mbele yako, kwamba Madame asile kitu mpaka baada ya onyesho. Nilisikia. Nilielewa. Lakini Madame alikuwa amekaa kwenye kigogo chake karibu na jiko, na kila mama alipoinua samaki, kichwa chake cheupe kiliinuka, na kila aliposhusha, kilishuka. Nikakumbuka yote niliyoambiwa kuhusu yule niliyepewa jina lake: kwamba katika nyumba ya Mwamini hakuna mgeni aliyekwenda kazini na tumbo tupu, na kwamba wakati wa vita aligawa lituma, ndizi zake za mwisho za kuponda, kwa watu aliokuwa hata hawajui. Nikasema moyoni, huyu mwanamume ni bahili. Anamtembeza mgeni wangu kumfanyisha kazi, na hamlishi. Alipokwenda kuoga nikachukua kambale, sehemu nene za mgongoni, nikampa Madame. Alikula kwa adabu. Akafuta mdomo wake kwenye kigogo, upande huu, upande huu. Niliona fahari, mwanangu. Niliona bibi ananitazama kwa furaha.

Asubuhi ile Tonton Faustin hakumpima. Mvua ilikuwa inatishia, watu walikuwa wameanza kukusanyika mapema, na baiskeli za kukodi, toleka, za kubeba masanduku zilikuwa zinangoja langoni. Alimnyanyua tu, akasema, "Leo iko muzito," nawe ukamjibu, "Amevaa nguo ya Jumapili." Nikacheka na nyinyi.

Uliona mwanzo wa onyesho. Uliona majani yamejaa watu mpaka kwenye kingo za barabara, watoto mabegani, Petit akipita juu ya vichwa na kina mama wakikumbatia mabeseni yao. Kisha Tonton Faustin akamwachia Madame. Akapanda. Hakupita chini, alipanda moja kwa moja, akazunguka juu ya maji mara moja, polepole, watu wote wakasema "Eeeh!" kwa sauti moja. Halafu akaenda kutua kwenye kilele cha mti mkubwa ng'ambo, akakunja mabawa, akatulia.

Tonton Faustin alipiga filimbi. Akainua glavu yenye nyama. Wewe ulikuwa umeshapanua miguu, umelenga mahali ambapo angefika.

Hakufika.

Watu walingoja kwa upole, baadaye bila upole. "Iko nalala!" mmoja akapaza sauti. "Tonton, umupigie simu!" "Hana inite ya simu!" Kicheko kikatembea majanini kama moto. Tonton Faustin hakugeuka. Mkono wake ulikuwa juu, na niliona kwamba ulikuwa umeanza kuchoka begani, lakini hakuushusha. Nikaona pia uso wake kutoka ubavuni, na hapo ndipo nilipojua kwamba kosa ni langu. Nilikwenda nikasimama karibu naye, nikasema kwa sauti ambayo ilisikika zaidi kuliko nilivyotaka:

"Tonton, nilimupa samaki."

"Lini?"

"Asubuhi. Kambale. Nyingi."

Wale wa mbele walisikia. Wakawapa wale wa nyuma. Kabla sijaweza kulia, tayari kulikuwa na wimbo: Mama Samaki, Mama Samaki, shibisha tai aende kulala. Mpaka leo nikipita kwenye kona ya wauza mkaa kuna anayeniuliza kama nina kambale.

Wewe ulishusha kamera ukaja. Nilidhani utanipiga, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Uliweka mkono juu ya kitambaa cha kichwa changu ukawageukia wale watu, ukasema, "Mama yangu hanyimi mutu chakula. Mucheke, lakini mujue hivyo." Kisha ukarudi mahali pako, na nilipokuwa nafuta macho nilisikia kamera ikilia mara moja tu.

Hiyo ndiyo picha ambayo unaiita mbaya. Haina ndege. Ina Tonton Faustin kwa nyuma, mkono umeinuliwa, glavu tupu kwenye mbingu ya kijivu, na pembeni migongo ya watu wanaokwenda zao. Ulitaka kuifuta. Nilikuomba unichapishie, ukanichapishia bila kuuliza sababu. Nimekaa nayo muda mrefu.

Tonton Faustin alilala chini ya mti ule kwa siku mbili, mvua ikimnyeshea, nawe ulimpelekea sombe ya majani ya muhogo na mkate wa muhogo, kwanga. Madame alimtazama kutoka juu. Kisha asubuhi moja alifungua mabawa akafuata mto kwenda chini, na hatukumwona tena. Baadaye alikuja yule mama mchuuzi wa Yanonge, anayemletea mama samaki wa kukaushwa, akatuambia kwamba kwao wavuvi wameona tai mwenye kamba za ngozi miguuni. Amening'inia kichwa chini juu ya maji. Kamba imenasa kwenye tawi. Walijaribu kumfikia kwa mapondo ya kusukumia mitumbwi, hawakuweza, na alichukua muda kufa.

Wewe hukuwepo mama huyo aliposema. Ulikuwa mjini. Mimi nilikuwepo, na Tonton Faustin alikuwepo, anashona glavu yake mlangoni. Aliendelea kushona. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha kwa mara nyingine, nikamwambia nimemuua ndege wake. Akatikisa kichwa.

"Samaki yako ilimuchelewesha tu," akasema. "Njaa ingemurudisha, kesho ao kesho kutwa. Njaa inarudiaga. Ni kamba yangu ndiyo ilimuua. Ndege akiruka, kamba za nyumbani unazitoa, unamuachia zile fupi. Miye niliogopa. Batu wengi, muji sijui. Nikasema, nimuachie kamba ndefu, akirudia nimukamate vizuri."

Akakata uzi kwa meno. "Nilimufunga sababu nilikuwa namupenda. Iandike kwa daftari yako ya masomo, mama."

Sikuiandika. Hakukuwa na haja. Alipoondoka na Petit peke yake begani, nilisimama langoni mpaka wakageuka kona, na kwa muda mrefu sikuweza kula samaki.

Haya nimeyarudia kwa sababu ya jana, mwanangu.

Jana wote walikuja kukuaga. Ilikuwa heshima, najua. Lakini nilikuwa nagawa chai, na nilisikia kila mmoja alivyosema. Mama akasema, "Utaniletea liputa ya kitenge, lakini si ile ya bei ya watu wote." Alicheka, lakini alisema. Mdogo wangu alitaka mpira wa ngozi wa kweli. Wazee wa msikitini walisema hujawahi kuwaangusha. Mama Odette akasema juu ya ua, "Papa Shabani, usirudie hapa na mikono bure, tutakufungia mulango!" watu wote wakaangua kicheko, wewe pia ukacheka. Niliangalia miguu yako. Najua ni upuuzi, lakini niliitazama miguu yako chini ya meza.

Kwa maana nilimkumbuka Tonton Saidi. Wewe mwenyewe ndiwe uliyenisimulia, siku ile tulipopalilia kaburi la bibi. Kaka yako aliondoka kwenda Kinshasa akiwa kijana, kwa mto huuhuu, na bibi aliposimama ukingoni alimwambia jambo moja: alete mabati ya nyumba. Alisema kwa upendo. Nyumba ilikuwa inavuja. Tonton Saidi hakupata mabati. Alipata kazi, akaipoteza, akapata nyingine ndogo, na kila mwaka alisema mwaka ujao. Bibi alipougua ulimpigia simu, ukamwambia aje hivyohivyo. Akakujibu, "Nitakuya na mikono gani?" Hakuja kumzika. Uliniambia pia kile ambacho bibi alikisema siku za mwisho, alipokuwa haongei tena mengi: "Mabati? Nani alisema mabati? Nilitaka Saidi."

Alikuwa amesahau kwamba ni yeye aliyefunga ile kamba. Saidi hakusahau.

Na jana, baada ya wote kuondoka, mimi nilikufanyia nini? Nilikushika mkono. Nikakuambia kwamba mwisho wa masomo nitafanya mtihani wa taifa, na kwamba majina ya waliofaulu yakitoka, wewe ndiwe utakayenimwagia pudra kichwani, ile poda ya kupongeza, si mtu mwingine. Ukasema inshallah. Nikasema inshallah haitoshi, apa. Ukauliza, "Niape kwa kitu gani, mama?" Na mimi nikasema, kwa jina la mama yako. Kwa jina langu. Uliapa, ukiwa umechuchumaa mlangoni kama zamani, na uso wako ulikuwa kama uso wa mtu anayebeba mzigo ambao hajauliza uzito wake. Nilikwenda kulala nimefurahi. Nilikuwa nimekukamata vizuri.

Leo asubuhi nilipokuwa naswali jambo hili lilinijia, na sikuweza kumaliza nilichokuwa nasoma. Nimekuja kukaa hapa kando ya mkoba wako ili nikifungue kile kiapo. Sijui kama inawezekana. Mwalimu atasema kiapo kina taratibu zake. Lakini mimi ndiye Mwamini, jina ni langu na la bibi, na wote wawili tunakurudishia. Huna kiapo kwetu. Liputa, mama atavaa alizonazo. Mpira wa matambara unadunda vya kutosha. Mama Odette ana kelele, lakini mlango si wake.

Sina uhakika kwamba utarudi. Naandika hili kwa sababu katika nyumba yetu kila mtu anasema utarudi kwa namna ambayo mtu husema mbele ya mgonjwa. Rafiki yako wa studio ya picha kule Kinshasa alisema kuna kazi, kisha akasema labda, na tangu wiki iliyopita simu yake haipokelewi. Nilikuona ukijaribu kumpigia nyuma ya choo ili tusikuone. Najua kwamba unaweza kufika Kinshasa ukabeba mizigo bandarini na kamera mgongoni. Najua unaweza kuiuza. Kama utaiuza, uza, wala usitafute uongo wa kutuambia. Jambo moja tu linaniogopesha, nalo si hilo. Linaniogopesha kwamba siku moja utasimama kwenye ukingo wa mto huohuo, boti la kupanda mto kuja huku liko mbele yako, una nauli na nguvu ya miguu, halafu utaitazama mikono yako na kugeuka.

Usiitazame. Panda.

Kama majina yatatoka hujafika, mama atanimwagia pudra, naye Mama Odette atazidisha mpaka nikohoe. Sitalia mbele yao. Nitaacha kiasi kidogo ndani ya kopo na kulifunga, na hata ukija baada ya miaka, nikiwa na watoto, nitachuchumaa mlangoni na wewe utanimwagia. Pudra haiozi. Nimemuuliza muuzaji.

Picha ya glavu tupu nimeiweka hapa pamoja na barua. Usiione kama mkono unaokudai. Mimi nilikuwepo, niliuona ule mkono kutoka ubavuni. Haukuwa unadai tena. Ulikuwa umechoka, unauma, na ulikuwa bado juu.

Nimesikia lango. Ni sauti ya mama, anauliza nani amechukua kambale wote. Nimewachukua mimi. Nimewakaanga na chumvi nyingi ili wadumu njiani, nimewafunga kwenye majani pamoja na kwanga, na viko juu kabisa ya mkoba, huwezi kuvikosa. Nimefikiria sana kama nikupe vichache. Tonton Faustin angepima kwa mizani. Mimi nina jina la mtu ambaye hakujua kupima, wala sitaanza kupima kwako.

Kesho asubuhi utachuchumaa nikunyunyizie maji ya baraka kifuani, nami sitasema kitu, kwa hiyo nasema hapa. Kula, mwanangu. Kula ushibe, huko uendako pia, kila siku utakayopata chakula. Petit alikuwa anarudi ameshiba.

Mama yako, binti yako,
Mwamini